Ugonjwa Ulioitwa Hatia: Kesi ya Jaji John Pickering

Tarehe 12 Machi 1804, Seneti ya Marekani ilimvua ujaji John Pickering wa New Hampshire, akawa ofisa wa kwanza wa serikali ya shirikisho kung'olewa kwa kushtakiwa bungeni. Hukumu ile, kwa maoni yangu, ilikuwa dhuluma, na mizizi yake ilikuwa bungeni kuliko mahakamani. Pickering alikuwa msomi wa Harvard, mmoja wa walioandika katiba ya jimbo lake, tena Jaji Mkuu wa jimbo hilo kabla ya George Washington kumteua mwaka 1795. Kisha akili ikaanza kumtoka. Novemba 1802 ililetwa mbele yake kesi ya meli Eliza, iliyokamatwa na forodha kwa madai ya ushuru. Jaji alikaa kitini amelewa, akaamuru mwenye meli arudishiwe mali yake, na mashahidi wa serikali akakataa kuwasikiliza.

Katiba haikutaja ugonjwa. Ilitaja uhaini, rushwa na makosa mengine makubwa, basi. Jacob, mwanawe, aliiarifu Seneti kwamba baba yake amerukwa na akili kwa zaidi ya miaka miwili. Maseneta waliusikia ushahidi huo, na bado kwa kura 19 dhidi ya 7 wakamtia hatiani, kwa swali lililotungwa ili wasilazimike kusema kama alichotenda ni kosa kubwa.

Atauliza mtu: je, wenye kesi waendelee kuhukumiwa na asiyejitambua? La hasha, kiti kile alistahili kukiacha. Lakini dawa ilikwishapatikana. Sheria ya 1801 iliruhusu jaji wa mahakama ya mzunguko kushika kazi za jaji wa wilaya asiyejiweza, na Jeremiah Smith alikuwa amekwisha kuzishika. Mwaka 1802 chama cha Rais Jefferson kikaifuta sheria hiyo, kwa kuwa majaji iliyowaleta walikuwa wa upande wa pili, na mgonjwa akarudishiwa mafaili. Hoja kwamba ulevi ni hiari ina uzito zaidi, ila waliomtetea walieleza kuwa pombe yenyewe ilifuata wazimu.

Siku ileile ya hukumu, Baraza la Wawakilishi liliamua kumshtaki Samuel Chase wa Mahakama ya Juu, mtu mwenye akili timamu na mawakili hodari. Safari hii kila seneta aliulizwa waziwazi kama ni kosa kubwa. Machi 1805 Chase akaachiwa. Mwezi uliofuata Pickering alifariki.