Kifuniko cha Tangi la Samaki: Kuzuia Kuruka bila Kuzuia Hewa

Tangi la samaki ni maabara ndogo ya biolojia ambayo shule nyingi zaweza kuwa nayo kwa gharama ndogo. Hata hivyo, hutokea mara kwa mara kwamba samaki aliyeachwa mzima jioni hukutwa asubuhi amekauka sakafuni. Samaki huyo hufa akiwa amezungukwa na hewa tele. Majini, nyuzi laini za matamvua yake huelea zikiwa zimeachana; nchi kavu nyuzi hizo hulala na kushikamana, na eneo la kupokelea oksijeni hupungua mno. Dawa ya msiba huu ni kifuniko. Lakini kifuniko kisichochaguliwa vema chaweza nacho kuua.

Kwa nini samaki huruka

Samaki wengi huruka kwa kushtuka. Katika ubongo wao zimo seli mbili kubwa za neva ziitwazo seli za Mauthner. Kishindo cha mlango au kivuli cha ghafla kikiziamsha, misuli ya upande mmoja wa mwili hujikaza yote pamoja. Samaki hujipinda mfano wa upinde, kisha hujifyatua. Tendo hilo huanza katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtoni humwokoa na adui. Katika tangi humtupa nje.

Sababu nyingine ni maji kuchafuka au kupungukiwa oksijeni, ugomvi baina ya samaki, na ugeni wa mahali. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya samaki kuhamishwa ni za hatari zaidi.

Urefu wa mruko waweza kukadiriwa kwa kanuni ya fizikia: kipeo cha pili cha mwendo, kugawanywa kwa mara mbili ya mvutano wa dunia. Samaki mwenye urefu wa sentimita 20, akijifyatua kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, hupanda kiasi cha sentimita 20 juu ya maji. Mwendo ukiwa mita 3, hufikia sentimita 45. Ni dhahiri basi kwamba kupunguza maji kwa sentimita chache hakutoshi.

Wako pia samaki wasiotegemea kuruka. Kambare anacho kiungo maalumu cha kuvuta hewa, naye huweza kujisukuma kwa kichwa chake kigumu hadi akainua kifuniko chepesi. Samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu Tanzania bara na Unguja, hupenya katika mwanya mdogo ulioachwa kwa ajili ya mpira wa hewa.

Je, kifuniko humnyima samaki hewa?

Hofu hii yafaa ipimwe kwa hesabu. Chukua shule iliyoko Cheyo, mjini Tabora, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hapo ni ndogo kuliko ya pwani, maji yenye nyuzi 25 za Selsiasi hushika takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita, badala ya 8 na zaidi kidogo kama Dar es Salaam. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha maji cha 25 lina lita 45 za maji, yaani oksijeni isiyozidi miligramu 315 hivi.

Sasa acha sentimita 5 tu za nafasi baina ya maji na kifuniko. Nafasi hiyo ina lita 9 za hewa, na ndani yake zimo zaidi ya miligramu 2,000 za oksijeni: kiasi cha mara sita ya ile iliyomo majini. Kifuniko chenye matundu machache hakimdhuru samaki. Kinachodhuru ni kujaza tangi hadi ukingoni, au kutandika karatasi ya nailoni juu ya maji yenyewe, kwani hapo uso wa maji hutengwa na hewa. Kambare hasa hana budi kupata nafasi hiyo ili aje juu kuvuta hewa.

Vitu vya kufunikia

Kioo huzuia samaki barabara na hupunguza uvukizi, jambo lenye faida Tabora wakati wa kiangazi. Lakini kipande cha sentimita 60 kwa 30 chenye unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 1.8, na chaweza kuvunjika mikononi mwa mwanafunzi. Kingo zake hazina budi kusuguliwa hadi ziwe butu.

Ubao ni imara, ila huzuia mwanga unaohitajiwa na mimea ya majini.

Waya wa chuma uliotiwa zinki haufai. Mvuke huganda juu yake na kudondoka majini ukiwa na zinki, ambayo ni sumu kwa samaki, hasa katika maji laini yasiyo na chokaa. Shaba nayo ni hivyo hivyo.

Hatari iliyojificha zaidi ni chandarua kikuukuu. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kuzuia malaria vimetiwa dawa za jamii ya pareto, kama vile permethrini. Dawa hizo, zikitumiwa ipasavyo, hazimdhuru mtu alalaye ndani. Bali kwa samaki ni sumu kali hata zikiwa kidogo sana. Kitambaa hicho kisikaribie tangi kamwe.

Kifuniko kifaacho

Kwa shule, kilicho bora ni fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa plastiki wa madirishani usiotiwa dawa. Wavu ukazwe kama ngozi ya ngoma, kwa maana uliolegea humnasa samaki. Fremu ikae juu ya kingo zote nne, na penye mpira wa hewa pakatwe tundu linaloutosha mpira huo tu. Kwa kambare, fremu ifungwe kwa kulabu au iwekewe uzito.

Wavu hauzuii uvukizi. Wanafunzi waweke alama kwenye kioo cha tangi, wapime kila siku kiasi cha maji kilichopungua, kisha walinganishe juma la kifuniko cha wavu na juma la kifuniko cha kioo. Maji ya bomba ya kujazia yaachwe wazi kwa siku nzima ili klorini iondoke.