Ukiona Vyang'aa, Jua Vimeundwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu waliojua kazi ya kuunda vyombo vya majini, lakini kwa maoni yangu inavifaa vilevile vile ving'aavyo: vioo vya runinga, vya simu na vya saa ambavyo tunavikodolea macho usiku na mchana bila kujiuliza vilipitia mikononi mwa nani. Leo nimeonelea niwaandikie walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, kuhusu kampuni zinazounda chipu za aina mpya ya vioo hivyo, iitwayo maikroledi. Dai langu ni moja. Kilichozichelewesha kampuni hizo si uhaba wa maarifa bali ni hesabu ya makosa, na hesabu hiyo ndiyo tusiyoifundisha shuleni.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ledi ni kijitaa kilichoundwa kwa maada ambayo si kipitishi kamili cha umeme wala si kizuizi kamili. Umeme ukipita ndani yake, maada hiyo hutoa mwanga bila kuhitaji waya wa kupashwa moto kama ule wa balbu za zamani. Runinga nyingi zinazouzwa madukani kwa jina la ledi hazilistahili jina hilo kikamilifu, maana vijitaa vyao hukaa nyuma ya kioo tu, na picha yenyewe huchorwa na fuwele za kimiminika zinazofungua na kufunga njia ya mwanga. Aina ya pili, oledi, huwa na nukta zinazojiangazia zenyewe, ila kwa kemikali za kikaboni ambazo huchakaa kadiri zinavyotumika. Maikroledi inakusudia kuchukua bora ya pande zote mbili: kila nukta ya picha iwe na vijitaa vyake vitatu, chekundu, cha kijani na cha samawati, vilivyoundwa kwa fuwele ngumu isiyochakaa upesi. Kila kijitaa hakifiki upana wa mikroni 100, na baadhi ni chini ya mikroni 10. Mikroni ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu, na unywele wa binadamu aghalabu huwa na unene wa mikroni 50 hadi 100.

Wazo hili halikuzuka jana. Mmarekani Nick Holonyak alionyesha ledi ya mwanga mwekundu mnamo mwaka wa 1962, akiwa mfanyakazi wa General Electric. Rangi ya samawati iliwasumbua wataalamu kwa miaka 30 zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, Profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano waling'ang'ana na fuwele ya galiamu naitraidi ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa. Amano alirudia jaribio lake zaidi ya mara 1,000 kabla ya kupata fuwele safi. Shuji Nakamura naye, katika kampuni ya Nichia, alitoa ledi ya samawati yenye mwanga mkali mwaka wa 1993. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2014. Mwaka wa 2000, Hongxing Jiang na Jingyu Lin, waliokuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, walikwisha kuonyesha kwamba ledi zaweza kufanywa ndogo mno na kupangwa pamoja. Kwa hiyo maarifa ya msingi yamekuwako kwa robo karne. Mbona basi kioo cha namna hii hakimo sebuleni mwa kila mtu?

Jibu limo katika namna chipu hizo zinavyozaliwa. Hazichongwi moja moja, bali huoteshwa kwa pamoja juu ya kisahani chembamba, mara nyingi cha yakuti inayotengenezwa kiwandani. Kisahani huingizwa katika tanuri maalumu, kama zile zinazoundwa na kampuni ya Aixtron ya Ujerumani au Veeco ya Marekani, na katika joto la nyuzi zipatazo 1,000 gesi huleta galiamu na nitrojeni zikajipanga tabaka juu ya tabaka. Hapo joto likitofautiana kwa nyuzi chache tu kati ya ukingo wa kisahani na katikati yake, rangi ya mwanga hubadilika. Kisha tabaka hizo hukatwakatwa kuwa vijitaa. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 150 kina eneo la milimita mraba 17,670 hivi. Kama kila chipu itachukua nafasi ya mikroni 20 kwa 20, kisahani hicho kimoja, kidogo kuliko sahani ya chakula, kitabeba chipu zipatazo milioni 44.

Sasa mwalimu wa hisabati na achukue chaki. Runinga yenye nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo ina nukta 8,294,400. Zidisha kwa rangi tatu, upate vijitaa 24,883,200. Darasani, mwanafunzi apataye alama 80 kwa 100 hupongezwa, na ni haki apongezwe. Kiwanda kikipata alama hizo, vijitaa karibu milioni 5 vitakuwa vimekufa. Kikipata 99.99 kwa 100, bado vijitaa vibovu vitakaribia 2,500, na hakuna mnunuzi atakayevumilia kioo chenye madoa kiasi hicho. Hata mafanikio ya 99.9999 kwa 100 yataacha vibovu 25. Samaki mmoja akioza, walisema wazee, wote wameoza.

Isitoshe, kuotesha chipu ni nusu ya safari. Ni lazima zing'olewe kutoka kwenye kisahani zilikoota, zikapandikizwe kwenye kioo, kila moja mahali pake. Mfanyakazi akipandikiza moja kwa kila sekunde bila kula wala kulala, runinga moja itamchukua siku 288. Ndiyo maana kampuni zimebuni mihuri ya mpira inayobeba maelfu ya chipu kwa mkupuo, na nyingine hutumia leza kuzidondosha. Tatizo jingine ni la rangi nyekundu. Maada yake ya kawaida hupoteza nguvu chipu inapofanywa ndogo mno, kwa kuwa kingo zilizojeruhiwa wakati wa kukatwa humeza umeme bila kutoa mwanga.

Kila kampuni imejichagulia njia yake ya kukwepa makosa haya. PlayNitride ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka wa 2014, imejikita katika chipu zenyewe na ufundi wa kuzihamisha. Aledia ya Ufaransa, iliyozaliwa mwaka wa 2011 katika eneo la Grenoble, huotesha nyuzi nyembamba mfano wa nyasi juu ya visahani vikubwa vya silikoni badala ya yakuti. Porotech, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, imejitahidi kupata mwanga mwekundu kwa fuwele ileile ya naitraidi. Jade Bird Display ya Shanghai imeamua kutozihamisha chipu moja moja kabisa; huunda vioo vidogo sana vya miwani, na kimojawapo kina upana wa pembe hadi pembe wa inchi 0.13 tu, hali kikiwa na nukta 640 kwa 480. Kwa upande wa runinga, Sony ilionyesha kioo cha inchi 55 mwaka wa 2012, na Samsung ikaonyesha kile cha inchi 146 mwaka wa 2018. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 Samsung ilitangaza runinga ya nyumbani ya inchi 110 kwa bei ya won milioni 170 za Korea Kusini, zaidi ya dola 150,000 za wakati huo. Bei hiyo, kwa sehemu kubwa, ni gharama ya kuyatafuta makosa na kuyarekebisha.

Si wote waliostahimili. Apple iliinunua kampuni ya LuxVue mwaka wa 2014, na kwa miaka kadhaa ikasemekana kwamba saa zake zingevaa vioo vya maikroledi. Kampuni ya ams OSRAM ya Austria na Ujerumani ikajenga kiwanda kipya huko Kulim, Malaysia, kwa ajili ya chipu hizo. Mwishoni mwa Februari 2024 ams OSRAM ilitangaza kwamba mradi wake mkuu wa maikroledi umefutwa bila kutarajiwa, na kwamba huenda ikalazimika kufuta thamani ya euro milioni 600 hadi 900 katika vitabu vyake. Vyombo vya habari vya biashara vilimtaja mteja aliyejiondoa kuwa Apple. Hata hivyo mbegu haikufa: mnamo Septemba 2025 Garmin ilitangaza saa yenye ledi zaidi ya 400,000, kwa bei ya karibu dola 2,000.

Yupo atakayeniuliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao katika shule nyingi wanafunzi 10 hugombea darubini moja? Swali ni la haki, na simlaumu mwenye kuliuliza. Lakini nchi yetu haiko nje kabisa ya ulingo huu. Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojishughulisha na chipu, na mwezi Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza azma ya kushirikiana na Kenya kuikuza sekta hiyo. Viwanda vya namna hii vikija, havitatafuta vijana wanaokumbuka tu nani alivumbua nini na mwaka gani. Vitatafuta vijana wanaoweza kufanya jambo lilelile mara milioni, na lilipoharibika mara moja, wakasema ukweli na kutafuta sababu.

Na hapo ndipo naona dosari kubwa katika mafunzo yetu. Tunafundisha sayansi kama orodha ya mashujaa, na jaribio la maabara kama sala yenye jibu lililokwisha kuandikwa. Mwanafunzi hulifanya mara moja, na matokeo yasipolingana na kitabu, huyapika yakalingana. Tena mara nyingi hupata alama kamili! Mtoto huyo tumemfunza kulificha kosa, ilhali kazi yote niliyoieleza hapo juu husimama juu ya kulifichua. Kiwanda kinachopika matokeo hugunduliwa siku kioo kinapowashwa, na doa jeusi halina adabu ya kunyamaza.

Dawa yake haihitaji tanuri la nyuzi 1,000. Mpe kila mwanafunzi mbegu 100 za mahindi na kipande cha ardhi. Na azipande kwa mpangilio, ahesabu zisizochipuka, aandike kila moja ilikuwa mahali gani, kisha ajaribu kueleza kwa nini. Je, zilikuwa ukingoni ambako maji hayakufika? Zilizama mno? Ziliharibika ghalani? Msimu ujao na arudie, na alama zitolewe kwa ukweli wa daftari lake, si kwa wingi wa mahindi. Mwanafunzi wa fizikia naye na aupime mwendo wa pendulamu mara 20, asikifute kipimo kinachomwaibisha. Walimu wa mtaala huu wa umilisi wanao uhuru wa kuyafanya hayo kuliko tuliokuwa nao zamani, maadamu wawe na moyo.

Na kwako mwanafunzi nina neno. Amano hakuwa profesa alipolifanya jaribio lake mara ya elfu moja. Alikuwa mwanafunzi kama wewe, na mwalimu wake hakumcheka kwa yale yaliyotangulia kuharibika. Daftari la majaribio yaliyoshindwa, likiandikwa kwa uaminifu, lina thamani kuliko ukurasa safi ulionakiliwa kutoka kwa jirani. Lianze leo.