Amani: Hatari ya gari ipo kwenye mteremko

Wengi waendao Milima ya Usambara Mashariki kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne hujiamini kupita kiasi. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 mkoani Tanga, njia za msituni ni za udongo mwekundu ambao, mvua inyeshapo, huteleza kama sabuni.

Kupanda si tatizo kubwa. Magurudumu manne husaidia gari kwenda, hayasaidii kusimama. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla mteremkoni, magurudumu huacha kuzunguka na gari huserereka kuelekea bondeni. Hivyo, gia nzito iingizwe kabla ya kuanza kuteremka, injini yenyewe izuie mwendo. Hata mvua ikikatika, ni afadhali kusubiri; chini ya kivuli cha miti mirefu tope halikauki upesi.