Somo la Redio: Nyumba ya Chatu

Natumaini mmekwisha kuketi na madaftari yenu yako wazi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu ya leo: KIZIMBA, MATANDIKO, MAFICHO. Haya, someni kwa sauti. Ki-zi-mba. Ma-ta-ndi-ko. Ma-fi-cho. Vizuri.

Leo tutazungumza juu ya chatu. Nasikia mtu huko nyuma anacheka. Asicheke. Katika nchi ya Wasukuma wako watu wanaofuga nyoka kwa ajili ya ngoma. Chama chao huitwa Buyeye, na wenyewe huitwa Bayeye. Mwaka 1946 Hans Cory, aliyekuwa akichunguza mila kwa kazi ya serikali ya wakati ule, alichapisha makala juu yao. Bayeye hucheza na nyoka mbele ya watu, tena wana sifa ya kujua dawa za nyoka. Mavuno yakiisha, ngoma huchezwa, chatu huzungushwa shingoni, na watoto hupiga kelele za furaha. Lakini ngoma ni siku moja. Siku nyingine zote chatu yuko wapi? Yumo sandukuni. Somo letu ni juu ya hilo sanduku.

Nilipata kuonyeshwa sanduku la namna hiyo. Mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa na huzuni. Aliniambia, “Mwalimu, chatu wangu amelogwa. Wiki nyingi hali kitu, na akishikwa anataka kuuma.” Tukafungua kifuniko. Harufu ilitupiga puani. Chini palikuwa na majani mabichi yaliyooza, meusi, yametota mkojo. Tulipomgeuza yule nyoka tuliona malengelenge tumboni mwake. Na katika sanduku zima hapakuwa na mahali hata pamoja pa kujificha. Basi lishikeni jambo hilo. Tutarudi kwake baadaye.

Kabla ya kuendelea, neno moja la sheria. Chatu ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mtu haruhusiwi kumkamata wala kumfuga bila kibali. Asiye na kibali aende kuuliza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya yake kabla hajapiga msumari wa kwanza. Tena somo hili halihusu kifutu, swila wala koboko. Hao wana sumu ya kuua. Chatu hana sumu, lakini akiwa mkubwa ana nguvu za kumkaba mtu. Chatu mkubwa ashikwe na watu wazima wawili, na kizimba kiwe na kufuli.

Sasa tujiulize: chatu porini hulala wapi? Hulala katika shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mchimbaji mwenye masikio marefu. Hulala katika kichuguu kilichotoboka, au kati ya mawe makubwa kama yale ya vilima vyetu. Mchana hujificha, usiku hutoka. Shimoni ni kukavu chini ya tumbo, lakini hewa yake ina unyevu kidogo. Tena ni kwembamba: kuta zinamgusa mgongoni, naye hujua kwamba hapana mwewe wala mtu atakayemfikia. Ukitaka kumjengea nyumba, jenga inayofanana na shimo hilo.

Tuanze na matandiko, yaani kitu kinachotandikwa chini. Kwa mtu anayeanza, magazeti ya zamani yanafaa kuliko vitu vyote. Tandika karatasi nne au tano. Nyoka akichafua, zikunje, zitupe, weka nyingine. Utaona mara moja kama choo chake ni cha kawaida, na utaona utitiri, wale wadudu wadogo kama punje za pilipili iliyosagwa, wanaomnyonya damu. Gazeti lina kasoro moja tu: halitunzi unyevu. Katika kiangazi cha Shinyanga, upepo unapokausha hata midomo yetu, nyoka anayelala juu ya gazeti hujivua gamba vipandevipande. Dawa yake nitaieleza.

Maranda ya seremala nayo ni mazuri, unene wa vidole vitatu hivi. Lakini muulize seremala ameranda mti gani. Mti wenye harufu kali, kama mwerezi au mkaratusi, usiutumie, kwa maana mafuta yake huumiza mapafu ya nyoka. Yale maranda yawe makavu, na vumbi lake ulipepete kwanza.

Pumba za mpunga zinapatikana bure penye mashine za kukoboa, na wengi hupenda kuzitumia. Mimi sizipendi sana. Zina vumbi, zina ncha, na zikilowa huota ukungu upesi. Nyasi kavu za ngitili ni laini, lakini huweza kuja na kupe. Mfuko wa salfeti usiutandike kabisa: nyuzi zake hufumuka na kumkaza nyoka. Gunia la katani lililofuliwa na kuanikwa juani laweza kutumika kwa siku chache, mradi kingo zake zimeshonwa.

Sasa mchanga. Hapa nawaomba ndugu zangu wa Geita, wa machimboni, wasikilize sana. Penye mialo ya kuoshea dhahabu kuna vilima vya mchanga laini, ule tunaouita marudio. Ni mwepesi kuchota, wala haununuliwi kwa bei kubwa. Mtu huona, “Huu utafaa kwa kizimba, na hata kwa banda la kuku.” Haufai! Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, na zebaki nyingine hubaki katika marudio. Nyoka huburuta tumbo lake humo mchana na usiku, na akimeza panya humeza na mchanga. Tena kizimba hupashwa joto, na zebaki ikipata joto hutoa mvuke usioonekana. Kama kizimba kiko katika chumba wanamolala watoto, mvuke huo wanauvuta watoto. Kwa hiyo marudio yasiingie nyumbani. Vivyo hivyo karai au beseni lililotumiwa kwa zebaki, au pipa lililokuwa na dawa ya sianidi, usiligeuze kuwa maficho wala chombo cha maji, hata ukilisugua mara kumi.

Tumefika kwenye neno la tatu: maficho. Andikeni: “Chatu anataka maficho mawili.” Kwa nini mawili? Nyoka hawezi kutengeneza joto la mwili wake kama sisi. Akiona baridi huenda penye joto, akishiba joto huenda penye ubaridi. Basi upande mmoja wa kizimba uwe na joto la digrii 30 hadi 32, na upande wa pili digrii 25 hadi 27. Ukiweka maficho upande wa joto peke yake, nyoka mwoga atabaki humo humo mpaka aungue, kwa sababu anaogopa kutoka nje. Wengi hawalijui jambo hili. Weka maficho kila upande, ili akifuata joto au ubaridi asiache usalama wake. Na kizimba kisikae chini ya bati tupu wakati wa jua la mchana.

Chungu kilichopasuka chafaa sana. Kifudikize, toboa mlango, ukisugue ukingo kwa jiwe mpaka usikate. Boksi la karatasi ngumu pia lafaa, likichafuka unalichoma. Kipimo ni hiki: chatu akijikunja ndani, ubavu wake uguse kuta. Maficho makubwa mno hayampi raha. Akiwa ametoka yaini ana urefu wa kama nusu mita, na baadaye aweza kupita mita nne, kwa hiyo utabadilisha mara nyingi. Chungu kikae juu ya sakafu yenyewe, matandiko yazunguke pembeni. Ukikiweka juu ya maranda, nyoka atachimba chini yake na kitamwangukia. Usipange mawe yaliyobebana kwa sababu hiyo hiyo.

Ile dawa ya kiangazi ni hii. Macho ya nyoka yakigeuka rangi ya maziwa, ujue anakaribia kujivua. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko, ikate mlango, weka ndani kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa. Ataingia mwenyewe. Akimaliza kujivua, iondoe, kwa sababu unyevu wa kudumu ndio uliomtoa malengelenge yule wa sandukuni.

Kila ukishika matandiko, nawa mikono kwa sabuni. Nyoka mzima wa afya huweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na watoto wadogo huumwa navyo sana.

Naam, tumrudie yule mzee. Daktari wa mifugo alitibu vidonda. Majani yalitupwa, yakatandikwa magazeti, vikawekwa vyungu viwili. Chatu aliingia katika chungu cha upande wa joto siku ile ile, akakaa humo siku nne bila kutoa kichwa. Mzee aliogopa, akataka kumtoa. Nikamwambia amwache. Wiki ya tatu alipewa panya mmoja usiku, na asubuhi panya hakuonekana.

Mwalimu, wape wanafunzi dakika kumi waandike: katika nyumba yako kuna vitu gani vinavyofaa kuwa maficho? Kwaherini.