Bidhaa Huanzia Shambani: Mafunzo ya Usimamizi kutoka Chai ya Rungwe

Katika kila kiwanda yuko mtu ambaye kazi yake hutajwa mara chache, ingawa riziki ya wengi imo mikononi mwake. Huyo ni msimamizi wa bidhaa. Ndiye anayeamua kitu gani kitengenezwe, kwa ajili ya nani, na kiwe na sifa zipi. Aghalabu hana amri juu ya watu ambao kazi yao ndiyo inayoifanya bidhaa hiyo iwe njema au mbaya. Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ni mahali panapofaa kujifunza kazi hiyo, kwa kuwa huko bidhaa ni chai, na chai haifichi makosa.

Miteremko inayouzunguka mji wa Tukuyu ina udongo wenye rutuba uliotokana na volkeno, na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Chai ya biashara ilianza kulimwa huko katika miaka ya 1920. Mbali na mashamba makubwa, maelfu ya wakulima wadogo wana vishamba vyao, ambavyo mara nyingi hupakana na migomba. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli vilijengwa karibu na mashamba hayo, na ukaribu huo una sababu ya kisayansi.

Kuijua bidhaa tangu chimbuko lake

Watu wengi hudhani kuwa utamu wa chai hutengenezwa kiwandani. Ukweli ni kwamba kiwanda huweza kuuhifadhi ubora uliokwishapatikana shambani, au kuupoteza. Chai bora hutokana na majani mawili machanga na chipukizi lake. Humo ndimo zilimo kwa wingi kemikali ziitwazo katekini. Jani linapokatwakatwa na mashine, vimeng'enya vyake huziunganisha katekini na oksijeni ya hewani. Hapo huzaliwa theaflavini, zinazoipa chai ukali na mng'aro, na thearubijini, zinazoipa wekundu na uzito. Joto la kikaushio ndilo linalosimamisha badiliko hilo kwa wakati uliopangwa.

Lakini jani lililochumwa bado linapumua na kutoa joto. Likishindiliwa ndani ya gunia na kucheleweshwa barabarani, hupondeka na kuanza kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Hakuna mashine iwezayo kurudisha kilichopotea namna hiyo. Kwa hiyo msimamizi anayekaa ofisini akisoma hesabu za kiwanda tu huwa anasoma habari za jana. Yampasa afahamu hali ya vikapu, saa ambayo gari hupita, na jinsi barabara za vijijini zinavyoharibika wakati wa masika.

Kupima kinachostahili kupimwa

Hapo ndipo lilipo fumbo kubwa la kazi hiyo. Jani bichi hununuliwa kwa uzito. Mchumaji akiongeza jani la tatu na la nne, mzani unapanda, nayo chai inashuka. Hafanyi hivyo kwa uovu. Anafuata kile anacholipwa. Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na kilo hiyo ikiwa duni, bei yake itawaumiza wote, hata yule aliyechuma vizuri.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai iliyoundwa mwaka 1964 ilikabili tatizo hili kwa njia mbili. Kwanza, majani yalikaguliwa kwenye vituo vya ununuzi. Pili, mkulima alilipwa kila mwezi kwa uzito, kisha akapata malipo ya mwisho wa mwaka kufuatana na mauzo ya chai. Hivyo ubora ukawa na thamani mfukoni mwake. Funzo ni kwamba kipimo kinachochaguliwa ndicho kinachotengeneza bidhaa. Anayetaka ubora hana budi kuupima na kuulipia.

Kumjua mnywaji

Chai ya Afrika Mashariki, iliyosagwa kuwa chembe ndogo, hukolea upesi na kustahimili maziwa. Hayo si matokeo ya bahati. Mnywaji wa chai ya maziwa hutaka rangi nzito, na mfungaji wa vipakiti hutaka chai inayokolea kwa dakika chache. Katika mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, wanunuzi huionja chai kabla ya kutaja bei.

Msimamizi naye yampasa kuonja kila siku, kwa utaratibu usiobadilika, ili tofauti atakayoionja itokane na chai yenyewe. Kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1980 inataka gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa muda wa dakika 6. Msomaji anaweza kulinganisha chai mbili nyumbani kwa njia hiyo, bila sukari wala maziwa.

Kushawishi bila kuamuru

Mkulima wa Rungwe si mtumishi wa kiwanda. Shamba ni lake, na anaweza kugeukia ndizi, maziwa au parachichi. Jani lake likikataliwa bila maelezo, hujifunza chuki tu. Akionyeshwa kikombe kilichotokana na jani zuri na kingine kilichotokana na jani kuukuu, hujifunza sababu. Msimamizi hodari huzirudisha habari za mnada hadi kwenye banda la kupimia, na huyapeleka malalamiko ya banda hilo hadi kwa wenye magari na mitambo. Gari likichelewa, yeye ndiye anayeuliza kwa nini, wala hamwachii mkulima hasara ya kosa lisilo lake.

Mchai huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchumwa kikamilifu, na ukitunzwa huweza kuzaa kwa zaidi ya miaka 50. Usipochumwa wala kupogolewa, hugeuka mti. Ndiyo maana uamuzi mbaya wa msimamizi hauishii katika msimu mmoja: mkulima aliyekata tamaa huliacha shamba, na kiwanda kisicho na majani ni jengo tupu.