Jina Juu ya Mlango wa Kaburi

Chukua donge la udongo wa mfinyanzi, lifinyange liwe mfano wa karoti nene, piga muhuri kwenye kitako chake, kisha lichome. Umepata koni ya kaburi, kitu ambacho maofisa wa Misri ya kale walitengenezewa kwa wingi, hasa wale waliozikwa katika vilima vya Thebes, ng'ambo ya magharibi ya Nile, mkabala na Luxor ya leo. Muhuri ulibeba jina la marehemu na vyeo vyake kwa hieroglifu: mwandishi, meya, kuhani wa Amun, msimamizi wa maghala. Mara nyingi yalitangulia maneno ya kumtaja kuwa mwenye heshima mbele ya Osiris, mungu wa wafu, na mwishoni likaja tamko kwamba hukumu ya ahera imemkuta mkweli. Mihuri mingine ilimtaja na mkewe. Yote hayo yalibanwa kwenye duara lisilozidi upana wa kiganja.

Kuhusu kazi ya koni, wataalamu wamebishana sana. Wako waliosema koni ni mfano wa mkate, kwa kuwa Wamisri walikuwa na mkate mweupe wa umbo hilohilo walioutoa sadaka kwa wafu. Hoja hii inavutia mpaka uulize koni zilikaa wapi. Karibu zote zimeokotwa zikiwa zimetawanyika kwenye vifusi, kwa hiyo shahidi wetu bora ni picha za rangi zilizomo ndani ya makaburi ya Thebes kwenyewe: zinaonyesha uso wa kaburi, na juu ya mlango zimepangwa safu za miduara. Maana yake koni ilichomekwa ukutani, ncha ndani na kitako nje. Umbo la mkate, kama lilikusudiwa, halikuonekana na mtu yeyote. Ni sadaka gani hiyo inayozamishwa kwenye plasta?

Maelezo yanayosimama vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kijenzi. Safu ile inafanana na vichwa vya boriti za dari vinavyojitokeza nje ya ukuta, na koni zingeweza kuviiga kwa udongo pale ambapo kaburi limechimbwa mwambani na halina dari ya miti. Umri wa koni unatilia nguvu jambo hili. Zile za kwanza, za Nasaba ya 11, miaka kama 2000 KK, hazina maandishi hata kidogo, na baadhi zinakaribia urefu wa nusu mita. Kama jina ndilo lililokuwa shabaha tangu mwanzo, lingekuwapo. Kwanza kulikuwa na pambo la jengo. Jina lilishika kasi baadaye, katika Nasaba ya 18, iliyoanza kama mwaka 1550 KK. Kweli, nyuso za koni nyingine zilipakwa rangi nyekundu, na iko mihuri inayomwonyesha marehemu akiabudu jua, ndiyo maana wengine huziona kama miduara ya jua. Sioni ugomvi hapo. Pambo likishazoeleka, watu hulivika maana mpya bila kuivua ile ya zamani.

Pingamizi gumu ni jingine: maandishi madogo hivyo, juu ya mlango, katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, yalimfaa nani? Lakini Wamisri hao hao waliandika majina ndani ya majeneza yaliyofungwa gizani. Kwao jina lilikuwa sehemu ya mtu, na kuwapo kwake kulitosha, lisomwe au lisisomwe. Kulirudia kwa muhuri mmoja kwenye koni nyingi ilikuwa njia rahisi ya kulikinga. Na kinga hiyo imefanya kazi kuliko milango ya mawe. Makaburi yaliporwa, yakabomoka, yakachukuliwa na wengine, lakini udongo uliochomwa haumshughulishi mwizi wa dhahabu. Katalogi ya Norman de Garis Davies na Laming Macadam, iliyotoka 1957, ina mihuri 611 tofauti, na wengi wa wenye mihuri hiyo makaburi yao hayajulikani yaliko.

Mtindo huu haukuishia Thebes. Huko Tombos, kwenye maporomoko ya tatu ya Nile, kaskazini mwa Sudan, wanaakiolojia walikuta koni za ofisa wa dola ya Misri, mwandishi aliyehesabu dhahabu ya Kush. Aliitwa Siamun. Limo pia jina la mwanamke, Weren.