Unaposti Rumi, Lakini Ngoma za Akurinu Unaziita Kelele?

Ijumaa, saa sita usiku. Umetoka kazi tao, jam ya Thika Road imekumaliza, boda imekutupa hadi keja yako hapa Gatongora, na kitu unataka sai ni usingizi tu. Alafu inaanza. Ngoma. Kayamba. Sauti za wamathe zinapanda hadi juu ya mabati, zinashuka pamoja, zinarudia laini moja mara ishirini, mara hamsini, ni ka hawachoki. Unafunika kichwa na mto, unashika simu, unaandika: "Jameni, hawa watu hawalalangi?"

Ngoja kwanza, msee. Kabla uposti, rudi nyuma kidogo. Wiki jana si uliweka maneno ya Rumi kwa WhatsApp? Picha ya jua likizama, maneno matamu ya moyo na mapenzi, watu wakakupigia makofi. Basi leo tubonge ukweli: huyo jamaa unayemposti na hao wamathe wanaokunyima usingizi wako kwa kazi moja.

Rumi ni nani kwanza?

Jalaluddin Rumi alizaliwa mwaka wa 1207, akaishi sana mji wa Konya, Uturuki ya leo. Hakuwa msee wa kuandika maneno ya kupamba picha. Alikuwa sheikh, mwalimu wa dini mwenye wanafunzi wake. Mwaka wa 1244 alikutana na dervishi mmoja, Shams wa Tabriz, na maisha yake yakapinduka. Kitabu chake kikubwa, Masnavi, kina beti karibu 25,000, na kimejaa mafunzo ya Kurani. Baada yake, wafuasi wake walianzisha tariqa ya Mevlevi, wale wanaozunguka na kanzu nyeupe huku filimbi ikilia.

Kwa simu yako Rumi anafika akiwa ameoshwa: hakuna swala, hakuna jasho, hakuna usiku wa kukesha. Hiyo ndiyo sababu ni rahisi kumpenda. Hakusumbui.

Sasa rudi huku kwetu

Hao wenye vilemba vyeupe unaowaona stage ya Ruiru ni Akurinu. Hii ni dini ilianza hapa Central miaka ya 1920, wakati mkoloni amechukua mashamba na wamishonari ndio walikuwa wanasema nani ameokoka na nani bado. Wasee wakajitenga, wakaenda misituni kuomba, wakasema Roho anaweza kuongea na Mgikuyu bila kupitia kwa mzungu. Serikali ikashikwa na uoga. Februari 1934, polisi wa mkoloni waliwaua watatu wao kwa kuwapiga risasi katika msitu wa Ndarugu, Joseph Ng'ang'a akiwa mmoja wao. Ndarugu si mbali. Ni jina la ule mto unaouvuka ukitoka Juja ukienda Thika.

Jomo Kenyatta mwenyewe aliandika kuwahusu katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka 1938. Aliwaita Watu wa Mungu.

Kwa hivyo ukiskia ile ngoma, jua haikuanza juzi. Kuna watu walikufa kwa sababu ya kuomba hivyo.

Kwa nini wanarudia rudia?

Hapa ndio watu wengi hupotea. Unadhani wamekosa maneno mengine. Hapana. Kurudia ndiyo kazi yenyewe.

Cheki vile inaenda. Mara ya kwanza unaimba laini, akili inafikiria maneno. Mara ya kumi akili imezoea, inaanza kutulia. Mara ya hamsini hufikirii tena: mdomo unaimba, mkono unapiga kofi, pumzi yako imeshikana na ya jirani. Ule msongo wa rent, wa deni la Fuliza, wa boss, unakosa pa kukaa.

Masufi wa pwani wanaijua hii kitu vizuri. Wanaiita dhikri, yaani kumkumbuka Mungu. Wanasimama kwa mduara, wanataja majina yake, pumzi inaingia na kutoka kwa mpigo mmoja. Bagamoyo, Tanzania, mmoja wa viongozi wakubwa wa tariqa ya Qadiriyya alikuwa Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa pwani akiwa mtumwa mtoto kutoka upande wa Kongo. Alisoma, akafanya biashara, akawa sheikh ambaye watu wazito walikuja kubusu mkono wake.

Umeona hapo? Mkurinu aliyenyang'anywa shamba, mtoto aliyenyang'anywa kwao. Nyimbo za aina hii hupenda kuanzia kwa watu ambao hawana mahali pengine pa kupaza sauti.

Hata Lamu walilalamika

Kama unadhani ni wewe wa kwanza kusema "hii ni kelele", skiza hii. Miaka ya mwisho ya 1800, Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alikuwa Lamu akiwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao: waliokuwa watumwa, maskini, wageni. Maulidi yake, ya kumsifu Mtume, yaliingia na matari na kuyumba kwa pamoja. Wenye mji wengine wakakasirika. Ngoma kwa mambo ya dini? Ile hasira yao haikushinda. Msikiti wake wa Riyadha bado uko, na Maulidi ya Lamu leo huleta watu kutoka Afrika Mashariki yote. Kile kilichoitwa aibu ndicho sasa kinajaza mashua na hoteli.

Na kwa nini zinakaa nyimbo za mapenzi?

Ushawahi skia ngoma ya gospel ukashindwa kujua ni ya Mungu ama ya mrembo? Si kosa lako. Hiyo ni mbinu ya zamani. Kwa Biblia kuna kitabu kizima, Wimbo Ulio Bora, ambacho juu juu ni vijana wawili wanatafutana usiku. Wayahudi na Wakristo wamekisoma miaka na miaka kama mapenzi ya Mungu na watu wake. Masufi nao humwita Mungu Mpenzi. Sababu ni rahisi: ukimkosa mtu unayempenda, hulali, huli, kila kitu kinakukumbusha yeye. Mshairi anakuambia, ile hali unaijua, sasa ipeleke juu.

Lakini si zote ni tamu. Ingia Al-Inkishafi, shairi la Kiswahili la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Huyu anabonga na moyo wake mwenyewe, anaukaripia. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, yale yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yamebaki popo na magofu. Ni ka mtu asimame mbele ya majumba ya Kiambu Road na kusema: moyo wangu, unakimbilia hii?

Kitabu kimoja, dini tofauti

Ushawahi simama Makindu, njia ya Mombasa? Pale kwa hekalu la Masingasinga wanakulisha bure bila kukuuliza kabila wala dini. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kina kurasa 1,430, na karibu chote ni mashairi ya kuimbwa, yamepangwa kwa raga, yaani miundo ya muziki. Sasa shika hii: ndani yake kuna mashairi ya Sheikh Farid, Mwislamu Msufi, na ya Kabir, mfumaji nguo ambaye Wahindu na Waislamu wote walimdai kuwa wao. Hao wasee walikuwa na imani yao na hawakuificha, lakini waliposkia ukweli kwa mdomo wa mwingine, waliuandika na kuuimba.

Sawa, lakini nitalala lini?

Swali fiti, na sitakudanganya. Ngoma ya 1934 haikuwa na spika. Spika mbili kubwa zikielekezwa kwa ploti ya watu sitini, hiyo si Roho, ni umeme. Sheria za kelele za mwaka wa 2009 zipo, na mtoto mgonjwa wa mlango wa pili ana haki ya kulala. Mwenye kuimba anaweza kuimba bila kukuvunja maskio, na ukimwambia kwa heshima, mara nyingi ataelewa.

Lakini nenda umwambie uso kwa uso, si kwa posti. Tena nenda mapema, kabla hawajaanza. Salimia shosh aliye mlangoni, vua viatu ukiambiwa, keti nyuma. Usirekodi. Skiza mambo matatu tu: nani anaanzisha na nani anaitikia, laini gani inarudiwa, na ni wakati gani ngoma inanyamaza, sauti zikabaki peke yake. Hapo ndipo utaelewa Rumi alikuwa anaongea nini.

Kisha sema shida yako ya spika. Utaskizwa zaidi ukiwa umekaa nao lisaa limoja kuliko ukiwa umewatusi miezi sita.

Na hata ukitoka hapo bila kuamini chochote, ni sawa. Lakini Ijumaa ijayo ngoma ikianza, utajua ni shosh yupi ndiye anaanzisha.